Kufufua pikapu ya HJ75 uani kwako Goma: kutoka shasi hadi kilomita elfu moja za kwanza

Usinunue rangi bado. Pikapu ya zamani ikishavutwa kwa kamba hadi uani, macho hukimbilia bati lililobonyea, taa iliyovunjika na mlango wenye kutu. Hapa Goma nimewaona watu wakimpa fundi wa rangi akiba yao yote, gari likang'aa, kisha msimu wa mvua uliofuata shasi ikakatika nyuma ya kabini likiwa limebeba maharage. Gari la kazi hujengwa kutoka chini kwenda juu: shasi, ponti, breki, ndipo motere, ndipo umeme, na rangi mwisho kabisa. Ndugu yangu, ukifika mahali unatamani kuruka hatua, nakuomba usiruke.

Gari ninalolizungumzia ni Toyota Land Cruiser HJ75, iliyotengenezwa kuanzia mwisho wa 1984 hadi mwanzoni mwa 1990. Ina motere ya mazutu iitwayo 2H, silinda sita, sentimita za ujazo 3,980. Kama yako ni HZJ75 ya kuanzia 1990, yenye motere ya 1HZ ya 4,164, kazi ya chini ni karibu ile ile. Tofauti kubwa ni kwamba 1HZ ina mkanda wa taiming, yaani wa kupangilia vali, wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, wakati taiming ya 2H inaendeshwa kwa gia na haina mkanda wa kukatika njiani.

Nitatumia majina ya gereji zetu. Ponti ni ekseli pamoja na difu yake, rulma ni beringi, spi ni sili ya mafuta, bulo ni bolti, motere ni injini, kriki ni jeki, mazutu ni dizeli.

Kabla ya kulipa

Nenda na tochi, nyundo ndogo na kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa. Namba ya shasi imepigwa kwenye chuma cha shasi upande wa kulia, mbele. Isugue mpaka isomeke, uilinganishe na kibati kilicho chini ya boneti na karti roze (hati ya usajili wa gari), herufi kwa herufi. Isipolingana, rudi nyumbani na pesa zako, hata kama muuzaji ni shemeji.

Kisha lala chini ya gari, ugonge shasi pande zote mbili, kila baada ya upana wa kiganja. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hutoa sauti nzito ya kopo lenye udongo, na mara nyingine vumbi jekundu la kutu hukudondokea usoni. Shasi hii ni boksi lenye uwazi ndani. Tope huingia kwa matundu yake na kukaa humo miaka, hivyo kutu hula kutoka ndani huku nje rangi ikionekana nzima. Gonga kwa makini zaidi pale springi za nyuma zinaponing'inia, kwenye chuma cha kukingama nyuma ya kabini, na pale sanduku la usukani linapofungwa. Hapo pa usukani tafuta pia ufa mwembamba kama unywele.

Kwenye kabini, inua mikeka uangalie sakafu, kisha pitisha kidole kwenye mfereji wa paa na chini ya mpira wa kioo cha mbele. Sisi wa Goma tuna adui ambaye wenzetu wa pwani hawamjui. Moshi wa volkano yetu, Nyiragongo, una gesi ya salfa, ikikutana na mvua huwa asidi. Ndiyo inayotoboa mabati ya nyumba zetu kabla ya wakati, na gari lililolala nje miaka kumi limenyeshewa maji hayo hayo.

Hukumu yangu ni hii: kabini yenye matundu hutengenezwa, motere iliyokufa hubadilishwa, lakini shasi iliyooza pande zote mbili kwa urefu wa zaidi ya mkono, iache.

Sakafu kwanza, gari baadaye

Ua wangu uko juu ya lava iliyoshuka tarehe 17 Januari 2002, na nyumba nyingi za mji huu ziko hivyo. Makoro, mawe yetu haya meusi, yana matundu kama sponji. Yakibebeshwa uzito hupasuka ghafla bila kuonya. Usiegemeze gari juu yake hata dakika moja, na usiweke kriki moja kwa moja ardhini. Mwaga sementi kipande cha mita tatu kwa sita, unene wa sentimita kumi. Pesa zikikataa, panga mbao ngumu nene zilizolala vizuri, halafu stendi za chuma juu yake, nne, zikae chini ya shasi. Kriki ni ya kuinulia tu. Anayeingia chini ya gari lililobebwa na kriki peke yake anahatarisha uhai wake, na mke na watoto wako ndani wanakusubiri.

Vifaa vya kawaida unavijua. Vile ambavyo watu hawanunui na baadaye wanajuta ni soketi ya milimita 54 kwa nati za habu (kitovu cha gurudumu), spana ya kupimia nguvu, kipande cha shaba cha kugongea, na mizani ya ndoano kama ya mchinjaji. Kila kitu unachofungua kipige picha kwanza kwa simu. Bulo za sehemu moja ziingie kwenye kopo moja lenye jina.

Shasi

Fungua sanduku la nyuma, uliondoe zima. Bulo zake zimeshika kutu. Zipake mafuta ya kupenya jioni tatu mfululizo kabla ya kuzigusa. Toa tangi la mazutu na uliweke mbali kabisa na moto. Kisha osha shasi kwa maji ya nguvu, ndani na nje, uzibue matundu yote ya kutolea maji. Kwenye gari langu zilitoka ndoo mbili za udongo, na udongo ule ulikuwa bado na unyevu.

Sehemu iliyooza ikatwe mpaka ufike kwenye chuma safi. Kiraka kiwe cha unene ule ule wa shasi, na ncha zake zikatwe kwa mshazari kama kashata. Mstari wa kuchomea unaokata shasi wima kutoka juu hadi chini ndio utakaofunguka kesho. Kabla ya kuchomea, toa vichwa vya betri na uchomoe alteneta. Tumia vijiti vya E7018 vilivyokauka, kwa sababu unyevu wetu wa ziwani huviharibu na kuacha vijishimo ndani ya mshono. Usipoweza kuchomea vizuri, mwite fundi wa kuchomea kwa kazi hii peke yake. Hapa sioni aibu yoyote. Mimi mwenyewe nilimwita.

Baada ya hapo brashi ya waya, dawa ya asidi ya fosfori, praima yenye zinki, rangi nyeusi ngumu. Ndani ya boksi mwagia nta iliyoyeyushwa kwa mafuta mapya. Mafuta machafu ya motere yana asidi na masizi, usiyatumie ingawa utashauriwa hivyo katika kila gereji.

Ponti ya mbele

Hapa ndipo gari hili linapopona au kufa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mbele kuna ponti ngumu, na kila mwisho wake kuna tufe kubwa la chuma linaloitwa pivo, ambalo gurudumu hugeuka juu yake. Ndani ya tufe kuna kiungo cha Birfield kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu hata likiwa limekata kona. Grisi inakaa ndani ya tufe, mafuta ya difu yanakaa ndani ya ponti, na katikati yao kuna spi moja ndogo tu.

Fanya upande mmoja uumalize, ndipo uende wa pili. Upande ambao hujaugusa ndio kitabu chako.

Toa gurudumu na kalipa ya breki, uifunge kalipa kwa waya isining'inie kwa mpira wake. Habu za kufungia kwa mkono zimeshikwa na nati sita zenye washa za koni zilizokaza kwa miaka mingi. Usizichokonoe kwa patasi. Legeza nati mpaka ifike ncha ya stadi (bulo isiyo na kichwa), kisha gonga kwa shaba. Koni zitaruka zenyewe. Ndani utakuta nati mbili za 54 na washa ya kukunjwa katikati yao. Mafundi wengi huzizungusha kwa patasi na nyundo, ndiyo sababu nati nyingi utakazokutana nazo zimetafunwa kama muhindi wa kuchoma. Tumia soketi yako. Toa rulma ya nje, vuta habu yote, kisha spindo yenye bulo nane.

Sasa tazama kinachotoka. Grisi nzito ya kijivu ni habari njema. Ukiona uji mweusi mwembamba unaonuka mafuta ya difu, ile spi ya ndani imekwisha, na mafuta yamekuwa yakiosha grisi. Vuta shafti pamoja na Birfield. Ioshe kwa mazutu, ikaushe, uizungushe mkononi. Ikiwa na mwendo wa kukwama au mipira ya chuma imechimba njia yake, badilisha. Ilikuwa ikilia tak tak tak kila ulipokata kona, na sasa unaona kwa nini.

Tufe lenyewe linashikwa juu na chini kwa rulma mbili ndogo, na kati ya rulma na kofia yake kuna vibati vyembamba vya kupangia. Vibati hivyo ndivyo vinavyoweka gurudumu katikati. Vifunge kwa waya, vyote vya juu pamoja, vya chini pamoja, uandike kulia au kushoto. Ukivichanganya utapoteza siku nzima ukivipanga upya.

Kurudisha ni kinyume chake, lakini pima. Pivo ikiwa na rulma mpya na vibati vyake, bila shafti na bila mipira ya kufuta vumbi, tia ndoano ya mizani kwenye ncha ya mkono wa usukani, uvute polepole. Inapaswa kuanza kugeuka kati ya kilo 3 na kilo 6. Ikigeuka kirahisi, punguza kibati; usukani utakuja kutikisika ukifika kilomita 60 kwa saa. Jaza grisi yenye molibdenamu robo tatu ya tufe, na uisukume kwa vidole mpaka ndani ya Birfield.

Rulma za gurudumu: paka grisi kwa kuibonyeza kwenye kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Kaza nati ya ndani hadi nyutonimita 60, zungusha habu mara kadhaa huku na huku, legeza, kisha kaza tena kidogo kidogo mpaka kulegalega kuishe. Ndoano ya mizani kwenye stadi ya gurudumu ionyeshe kilo 3 hadi 5 hivi ndipo habu ianze kuzunguka. Kunja washa, kaza nati ya nje, pima tena, maana nati ya nje hubadilisha kipimo.

Jambo moja kuhusu vipuri. Mara ya kwanza nilinunua spi za bei ndogo kwenye duka moja mjini, zikiwa kwenye boksi lenye maandishi mazuri. Wiki ya tatu nilikuta mafuta yanatiririka hadi kwenye tairi. Nilifungua kila kitu upya, siku mbili za kazi kwa ajili ya kipande cha mpira. Tangu hapo spi na rulma naagiza za Japani kupitia mtu anayekwenda Kisekka, Kampala, au Grogan, Nairobi, na nabonyeza mdomo wa spi kwa ukucha kabla ya kulipa: ule mzuri ni laini na una springi nyembamba nyuma yake.

Ponti ya nyuma haina haya yote. Badilisha spi, rulma kama zinalia, na mafuta SAE 90 ya GL-5. Usisahau kuzibua tundu la kupumulia juu ya ponti. Likiziba, joto husukuma mafuta nje kupitia spi ulizotoka kuzinunua.

Breki na springi

Magari ya umri huu yaliwekewa pedi na viatu vya breki vyenye asbesto. Vumbi lake huua mapafu polepole. Usilipulize kwa kompresa. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, ulifute, na kitambaa ukitupe.

Badilisha mipira yote ya breki, hata ile inayoonekana nzima. Mabomba ya chuma yenye kutu yabadilishwe kwa yale ya shaba yenye nikeli, ambayo hayaozi na hukunjika kirahisi. Toa mafuta ya zamani yote, tia DOT 4 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, kwa sababu mafuta haya hunywa unyevu wa hewa. Kutoa hewa, kwa gari la usukani wa kushoto, anza nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Kama nyuma kuna vali inayofuata uzito wa mzigo, imalizie hiyo.

Springi: tenganisha vipande, piga brashi, tafuta ufa kwenye tundu la bulo ya katikati, paka grisi ya grafiti. Mji wetu una tabia ya kuongeza vipande viwili vitatu ili pikapu ibebe tani mbili. Kipande kimoja cha nyuma nakubali. Zaidi ya hapo springi haipindi tena, na kila jiwe la njia ya kwenda Sake linapigwa moja kwa moja kwenye shasi uliyoihangaikia.

Motere

2H ni motere ya uvumilivu. Usiifungue kabla ya kuisikiliza. Kama imelala miaka, mwaga mafuta, tia mapya, karibu lita 10, dipstiki ndiyo itakayosema ukweli. Toa buji za joto, tia mafuta kidogo kwenye kila silinda, uache usiku kucha, kisha izungushe kwa mkono kwenye bulo ya mbele mizunguko miwili kamili. Isipokwama, endelea. Osha tangi, badilisha filta ya mazutu, toa hewa kwa pampu ya mkono mpaka povu liishe.

Pima mgandamizo wa silinda zote sita. Usitishwe na namba kuwa ndogo kuliko ya kitabu: tuko mita 1,500 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Angalia usawa. Silinda moja ikiachwa mbali na wenzake, hapo ndipo kichwa kifunguliwe. Nafasi za vali ni milimita 0.20 kwa za kuingiza na 0.36 kwa za kutoa, motere ikiwa ya moto.

Moshi mweusi ukipanda mlima unatokana mara nyingi na mwinuko huo huo: mazutu ni mengi kuliko hewa. Safisha filta ya hewa, peleka nozeli zipimwe. Na pampu nyingi za 2H zina gavana (kidhibiti cha kasi ya motere) inayoendeshwa kwa mvuto wa hewa, yenye utando wa ngozi ndani. Ngozi ikikauka na kupasuka motere huanza kupanda na kushuka yenyewe. Itazame kabla ya kumlaumu fundi wa pampu.

Maji huchemka kwa nyuzi kama 95 hapa Goma, si 100. Kifuniko cha rejeta chenye mpira uliochoka kinaondoa shinikizo linalozuia kuchemka, na motere inaungua ukipanda. Nunua kifuniko kipya kabla ya kitu kingine chochote. Thamostati irudishwe, kuitoa kunafanya motere ifanye kazi baridi na kujisugua upesi.

Soma volti iliyoandikwa kwenye buji za joto kabla ya kununua nyingine. Zipo za aina kadhaa, na ukiweka zisizolingana na mfumo wako zinaungua asubuhi ya kwanza. Kama unanunua mazutu kwenye bidoni kwa Kadhafi, yaani muuzaji wa mafuta wa barabarani, weka kitenganisha maji chenye kikombe cha kuonea, ukimwage kila Jumamosi.

Kuhusu turbo: vijana wananiuliza kila mara. Ninaelewa hamu hiyo, maana mlima wa Masisi ni mrefu. Lakini 2H haikuundwa kwa ajili yake, na ukiongeza mazutu bila kipimajoto cha moshi utayeyusha pistoni. Pesa hizo ziweke kwenye usukani wa hidroliki na mikanda ya usalama ya kiti cha mbele.

Umeme, bati na rangi

Kwanza hakikisha kama gari lako ni la volti 12 au 24, yapo ya aina zote mbili. Nyaya za taa za mbele zinapita kwenye swichi ya zamani na kupoteza nguvu. Weka rilei (swichi ndogo za umeme) mbili na waya mpya kutoka kwenye betri, fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Taa zitakuwa nyeupe bila kununua balbu kubwa.

Bati la kabini ni jembamba, kama milimita moja. Chomea nukta moja hapa, nyingine kule, usiuvute mstari, la sivyo litajikunja. Masitiki ya kuzibia ikipakwa juu ya kutu ni uongo wa miezi sita. Rangi yenyewe chagua kiangazi, asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaleta vumbi jeusi.

Kilomita elfu moja za kwanza

Safari ya kwanza iwe ndani ya mtaa, bila mzigo. Ya pili nenda barabara ya Kibati, ambako kuna mlima wa kutosha kupima joto na breki za kushuka, siku ambayo njia ni tulivu. Kila unaposimama, gusa habu zote nne kwa kiganja: moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, rulma imekazwa mno au breki inashika.

Ukifika kilomita 100 kaza bulo za U za springi, maana vipande vikishakaa hulegea. Ukifika 1,000 badilisha mafuta ya motere, pima tena vali na rulma za mbele, fungua kizibo cha kila ponti utazame kama mafuta yamekuwa meupe kama maziwa, dalili kwamba maji yameingia. Mwisho geuza usukani hadi mwisho wake upande mmoja, futa tufe la pivo kwa kitambaa safi, kisha upande wa pili. Utando mwembamba wa grisi ndivyo unavyotakiwa kuwa. Kikiwa ni mafuta yanayodondoka, toa gurudumu uanze tena na ile spi ndogo ya ndani.